Kiingereza Katika Maji ya Kifua

Saa tatu asubuhi barabara ikaisha. Haikupinda wala haikugawanyika. Iliisha tu, kama mtu aliyekatwa kauli, na mbele yake yakaanza maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia kana kwamba yamelipia kodi pale. Waendesha baiskeli wanne wakasimama ukingoni, kila mmoja mguu chini, wakayatazama.

La kuudhi zaidi, wote wanne walikuwa wameambiwa.

Nusu saa kabla, walipoziacha nyumba za mwisho za Kajaga, mama mmoja mwenye beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani alisimama mbele yao katikati ya njia.

"We vijana! Uko mbele barabara imekatika! Maji ilikula yote, na viboko biko humo! Murudi!"

Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kirundi, akamalizia kwa mkono. Wakamwelewa mara tatu. Wakamjibu kwa pamoja, kwa Kiingereza, kwamba na yeye awe na asubuhi njema, wakapita.

Sheria ndiyo iliyowaponza. Klabu yao ilikutana kila Jumamosi kupiga pedali na kujizoeza Kiingereza kwa mpigo mmoja, na sheria ilisema hivi: kuanzia kutoka mjini mpaka kurudi, Kiingereza tu. Atakayeponyokwa na lugha nyingine anabeba mfuko wa vyuma. Mfuko ulikuwa wa Uthmani, fundi baiskeli wa mtaa wa Buyenzi na kapiteni wa klabu: spana, nyundo, pampu, mipira ya ndani ya akiba na kamba za mpira, kilo nane na ushee. Kusema kwamba barabara imekatika, kila mmoja aliweza kwa lugha tatu. Kwa Kiingereza, hakuna hata mmoja. Basi kila mtu akangoja mwenzake ajitoe mhanga.

"Maji kidogo," Uthmani akatangaza sasa kwa Kiingereza chake, chenye maneno mia mbili na ujasiri wa maneno elfu kumi. "Sisi tunapita."

Wakapita. Uthmani mbele, akifuatwa na Hayat, muuza dawa aliyefunga kitambaa chake vizuri chini ya kofia ngumu. Nyuma yao Namegabe, mfanyabiashara wa vitenge aliyekimbia vita Bukavu na sasa alitaka Kiingereza cha kuongea na matajiri wa Kampala. Wa mwisho Fortunat, karani wa ofisi ya bima, juu ya baiskeli aliyotumiwa na mjomba wake kutoka Ubelgiji. Baiskeli hiyo aliipangusa kila waliposimama, hata waliposimama kupangusa jasho.

Maji yalianza kwenye vifundo, yakapanda hadi magotini. Wakashuka, wakasukuma. Pande zote mbili kulikuwa na nyumba ambazo ziwa lililofurika lilizifukuzia wenyewe: kuta zenye mstari wa tope, mapapai yaliyokufa yamesimama, paa moja limelala majini. Ndipo milima ya Uvira, ng'ambo ya ziwa, ikafutika yote kwa mara moja. Upepo ukaja kwanza, ukiwalaza matete. Mvua ikafuata, nzito, ya kupiga mgongo kama kokoto. Nyuma yao tuta la udongo walilolipita likalegea, likamegeka, na mto Rusizi ukaingia kwa kishindo kumsalimia ndugu yake, ziwa.

"Nyumba ile! Baraza!" Hayat akapiga kelele, kwa Kiswahili. Hakuna aliyemtajia mfuko.

Walikimbia, kama kusukuma baiskeli kwenye maji ya mapaja kunaweza kuitwa kukimbia. Hatua kumi kabla ya baraza, Namegabe alikanyaga bati lililozama. Likamkubali, likageuka, likampasua shavu la mguu kutoka chini ya goti hadi karibu na kisigino. Alipiga yowe kwa Kimashi cha kwao, akatukana kwa Kifaransa, akamwomba Mungu kwa Kiswahili. Maji yaliyomzunguka yakabadilika rangi.

Walimvuta juu ya baraza. Damu haikuwa ya kutiririka, ilikuwa ya kusukumwa, pu, pu, pu. Uthmani akachomoa mpira wa ndani mfukoni, akauzungusha juu ya goti, akapitisha spana, akanyonga. Hayat akamgeukia Fortunat.

"Vua jezi."

"Hii ni ya—"

"Vua!"

Akaikunja jezi, akaikandamiza kwenye jeraha kwa mikono miwili. Damu ikapungua. Haikukoma.

"Tulegeze kidogo, mguu upumue," Uthmani akasema.

"Ukigusa hiyo spana nitakukata mikono. Ni saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo."

"Basi tuna saa mbili za kumufikisha kwa daktari. Ikipita hapo, mguu unakwenda. Na akiendelea kuvuja hivi, anakwenda yeye."

Simu zote zilikuwa kwenye mkoba wa Fortunat, mkoba ambao siku zote aliusifu kwamba hauingizi maji. Waliufungua. Haukuwa umesema uongo sana: maji yaliyokwisha kuingia yalikuwa yamezuiwa vizuri kabisa yasitoke.

Mita mia sita mbele, juu ya tuta lake, barabara kuu ya kwenda mpakani ilionekana. Malori yalipita. Walipiga kelele mpaka sauti zikakwaruza, na upepo ukazibeba kelele hizo kuzipeleka Kongo. Maji yakafika ukingo wa baraza, yakaupanda.

"Yule mama," Uthmani akasema polepole. "Mi nilimusikia. Nilimuelewa vizuri."

"Hata mi nilimuelewa," Namegabe akajibu, kichwa kikiwa kwenye paja la Hayat. "Nilisema acha Fortunat aongee, anapenda kuongea."

"Mi?" Fortunat akang'aka, kifua wazi, akitetemeka. "Mi nilikuwa ninatafuta neno!"

"Mutalitafutia kaburini," Hayat akasema. "Uthmani, we ni fundi. Fanya ufundi."

Uthmani akaitazama nyumba. Mlango wa mbao ulikuwa bado unaning'inia kwenye bawaba moja. Akaupiga nyundo mara nne, ukaanguka. Kisha akapindua baiskeli, akang'oa tairi, akatoa mpira wa ndani, akaujaza kwa pampu mpaka ukavimba kama soseji. Baiskeli yake, ya Hayat, ya Namegabe: mipira sita. Mmoja wa akiba: saba. Akanyoosha mkono kwa Fortunat.

"Yangu haina mpira wa ndani," Fortunat akasema kwa sauti ndogo.

"Haina nini?"

"Ni za kisasa. Tairi inashika hewa yenyewe."

Uthmani alimtazama. Alitazama mvua. Akasema "Astaghafirullah," akarudi kufunga mipira saba chini ya mlango kwa kamba za mpira, zile zile ambazo watu hufungia mikungu ya ndizi.

Mlango ukaelea. Wakamlaza Namegabe juu yake, mguu umeinuliwa kwenye mfuko wa vyuma. Chupa moja ya maji ya kunywa ilibaki, nusu.

"Ni yake peke yake," Hayat akasema. "Tone tone. Na mutu asikunywe haya ya chini, kuna vyoo humo."

Alitangulia yeye, akichokoa chini kwa mti ili kutafuta mashimo na mabati. Uthmani alisukuma kutoka nyuma. Na Fortunat, mbele ya macho ya watu na ya Mungu, aliinua baiskeli yake akaiweka begani.

"Acha hiyo kitu!" wakamwambia wote, hata mgonjwa.

"Nitaibeba. Nitasukuma na mukono mumoja."

Akasukuma na mkono mmoja, kazi ya nusu mtu, akilalamika kwa mtu na nusu. Maji ya kiuno. Maji ya kifua. Mia moja, mia mbili. Mvua ikapungua, na hapo ndipo wakaona, hatua thelathini mbele, kati yao na barabara, masikio mawili madogo na matundu mawili ya pua yanayopuliza.

Wakaganda.

Kiboko hakuwa na haraka. Alizama, akaibuka hatua ishirini na tano. Kushoto kulikuwa na ukuta mrefu wa ua, kulia maji ya kina yenye mkondo. Waliuegemea ukuta, wakangoja. Dakika kumi. Ishirini. Midomo ya Namegabe ikawa ya majivu.

"Ninasikia baridi," akasema. "Na usingizi."

"Usilale," Hayat akasema. "Ongea. Sema lolote, lugha yoyote."

"Nikifa mutampigia nani? Uku sina mutu."

"Hatutapiga, simu zimekufa kabla yako," Uthmani akamjibu. Akaweka kiganja kwenye shingo ya mwenzake. Mapigo yalikuwa mepesi, ya haraka, kama ya kuku aliyeshikwa. "Hayat. Hatuwezi kungoja tena."

Kiboko akafungua kinywa. Kilikuwa kikubwa kuliko sababu yoyote ya kutoka nyumbani siku ya Jumamosi.

Fortunat ndiye aliyesogea. Alitoka ukutani hatua tatu, maji shingoni, akainua baiskeli ya Ubelgiji juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, akairusha kulia kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo. Ilipasua maji, na zile tairi nene zilizoshika hewa zenyewe zikaiinua, ikaelea, magurudumu yakizunguka. Kiboko akageuka. Wimbi lake liliwagonga ukutani. Wakasikia chuma kikitafunwa.

"Sukuma!" Fortunat akalia. Alikuwa analia kweli. "Sukumeni, yampayinka, Mungu wangu, sasa!"

Wakasukuma wote watatu kwa mikono sita, wakikwaruza ukuta, mlango ukiyumba, mpira mmoja ukipasuka, Hayat akimpiga Namegabe makofi mashavuni kila hatua. Ukuta ukaisha. Matete. Tope. Kisha mteremko wa mawe, na juu yake lami.

Dereva wa lori la mchanga alisimama bila kuuliza. Baadaye alisema hakusimama kwa huruma: mbele yake kulikuwa na mlango wa nyumba umesimamishwa katikati ya barabara.

Katika zahanati ya kwanza daktari alishona kwa saa nzima. Mguu utabaki, akasema, na mwenyewe pia. Fortunat akaketi sakafuni, kifua wazi, akalala hapo hapo. Hayat akaenda kunawa, akakawia sana.

Asubuhi iliyofuata Namegabe alifumbua macho. Uthmani alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu, kikombe cha uji mkononi. Kaptula iliyokuwa na damu ilikuwa imefuliwa na kuanikwa dirishani.

"Kunywa."

Namegabe akaonja. "Haina sukari."

"Iko."

"Apana. Haina."

"Namegabe. Mugongo unaniuma, mbu zimenimaliza, na yule muzee wa kitanda cha pili anakoroma kama lori linapanda Bugarama. Kunywa."

Muuguzi akaingia na karatasi zake, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mgonjwa huyu hana mtu aliyeandikwa wa kumwuguza. Wewe ni nani wake?"

"Ndugu."

Muuguzi akasoma jina la mgonjwa, akauliza la Uthmani, akayatazama yote mawili kama mtu anayejaribu kuvaa viatu visivyo jozi.

"Namegabe na Uthmani? Ndugu kwa upande gani?"

"Andika tu, dada," Uthmani akasema, akikoroga uji kwa hasira. "Inapoa hii."