Kuku Bila Ngozi

Jumamosi asubuhi soko kuu la Bunia halina adabu. Moto, zile pikipiki za abiria, zinapiga honi hata pale pasipo na njia, wamama wanaitana kutoka meza moja hadi nyingine, na matope ya mvua ya usiku yanamshika kila mtu miguuni bila kuangalia cheo. Hortense alikuwa amesimama nyuma ya matenga yake ya kuku, kitenge cha kijani kimefungwa juu kidogo kwa ajili ya matope, kitambaa chekundu kichwani. Alikuwa akigombana na jogoo mmoja aliyetoka Kpandroma na ukali wake wote, ndipo kijana mmoja aliposimama mbele yake. Shati jeupe lililopigwa pasi. Viatu vyeusi vilivyokwisha kushindwa na matope.

“Mama, nataka kuku moja. Lakini unitosheye ngozi yote, isibaki hata kidogo.”

Hortense alidhani hakusikia vizuri. “Ngozi?”

“Ndiyo. Kisha unikatie vipande vidogo-vidogo.”

“Papa, ngozi njo utamu ya kuku! Weye uko mugonjwa?”

Wauza nyanya wa meza ya jirani waligeuka kutazama. Kijana alicheka pia, akapangusa jasho.

“Siko mugonjwa. Nalisoma mambo ya dawa ku Inde, kwa Wahindi, miaka ine. Kule banatosha ngozi ili bizari iingie mpaka ku mufupa.”

“Basi ngozi nitakula miye.”

“Kula tu. Na Jumatatu nitakuletea nyama uonje, uniambie nani kati yetu iko na akili.”

Wanaume wengi huahidi mambo sokoni. Huyu alirudi. Jumatatu saa sita alifika na bakuli la plastiki lililofungwa kwa kitambaa, akasema anaitwa Fiacre, anafanya kazi katika duka la dawa karibu na bulvari, barabara kuu ya mji. Hortense alifungua. Mchuzi ulikuwa mzito, rangi ya udongo wa matofali, na harufu yake ikamfanya afumbe macho: tangawizi, vitunguu saumu, karafuu, na kitu kingine alichokijua lakini asichoweza kukitaja. Nyama ilikuwa laini kama iliyosahauliwa motoni kwa makusudi. Alikula amesimama, akamaliza, akapangusa bakuli kwa kidole mbele ya wateja.

“Ulitia nini humu?”

“Maziwa ya kuganda. Nyama inalala ndani na manjano na bizari tangu asubuhi.”

“Maziwa mu kuku! Mungu wangu. Kesho utatia chai.”

Lakini Jumamosi iliyofuata alimchagulia kuku aliyenona kuliko wote, na hakumruhusu mtu mwingine amguse.

Mapenzi yao yalikua haraka. Simu ya Hortense ilianza kulia saa za chakula cha mchana.

“Chérie, umekula?”

“Nimekula muhogo na samaki, bwana wa Inde. Na weye?”

“Niko nakuwaza, sina njaa.”

“Uongo! Nasikia unatafuna.”

Jumapili baada ya misa Hortense alipanda moto hadi mtaa wa Nyakasanza, ambako Fiacre alikuwa amepanga vyumba viwili na kiwanja kidogo. Alivaa gauni la maua alilolitunza kwa sikukuu, na Fiacre alimkalisha kwenye kigoda kando ya mbabula, jiko la makaa, akimpikia huku akimfundisha. Vitunguu vikaangwe polepole mpaka viwe vyeusi kidogo pembeni. Bizari zitiwe zikiwa chache, zisubiriwe zilie katika mafuta, kisha nyanya, kisha nyama. Hortense alimwangalia mikono. Baba yake mwenyewe hakuwahi kushika mwiko maisha yake yote.

“Nani alikufundisha kupika hivi?” aliuliza Jumapili moja.

“Muntu moja wa kule.”

Alisema hivyo akaenda kuchota maji. Simu yake ilibaki dirishani, na ikalia. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya ua la njano na jina moja: Aai, na moyo mwekundu pembeni. Fiacre alikuja mbio, akaichukua, akaenda nayo nyuma ya nyumba. Hortense alimsikia akiongea lugha asiyoijua, sauti ya chini, ya upole, sauti ambayo hata yeye alikuwa hajapewa. Alimsikia akicheka. Aliporudi, macho yake yalikuwa yamelowa.

“Ni ule njo alikufundisha?” Hortense aliuliza.

“Ndiyo.”

“Ni mwanamuke?”

Fiacre alikoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. “Ni mwanamuke. Hortense, ile habari iko murefu. Siku ingine nitakuambia.”

“Alikupenda?”

“Sana,” alisema bila kuinua kichwa. “Bila yeye, leo singekuwa hapa.”

Hortense alisimama, akachukua mkoba wake, akaacha sahani imepakuliwa. Miaka miwili kabla, mchumba wake alikwenda Kampala kutafuta bidhaa, na habari ya ndoa yake ilimfikia kwa picha katika simu ya rafiki: suti ya kijivu, bibi harusi asiyemjua, keki. Aliapa siku ile kwamba hatangoja picha ya pili.

Fiacre alipiga simu jioni, akapiga kesho yake, akapiga wiki nzima. Alimpata mara moja tu.

“Hortense, mupenzi, unisikilize kwanza.”

“Uende umupikie Aai yako.” Akakata.

Rafiki yake Angèle, muuza vitunguu, alimwonea huruma. “Umuulize vizuri, weye dada.”

“Nalimuuliza. Alisema bila yeye asingekuwa hapa. Unataka niulize nini tena?”

Jumamosi tatu zikapita bila shati jeupe. Ya nne, mama mmoja mtu mzima alisimama mbele ya matenga, mwembamba, kitenge cha bluu kilichofuliwa mara nyingi, kikapu mkononi.

“Mwanangu, unipatie kuku moja. Unitosheye ngozi.”

Mkono wa Hortense ulisimama hewani.

“Basi ni weye,” mama alisema. “Miye ni Émilienne, mama ya Fiacre. Nalifika jana kutoka Mambasa. Mutoto wangu hakuli, na hasemi. Alikuwa vile mara moja tu mu maisha yake.”

Hortense alipangusa haraka kreti ya soda, akamkalisha kivulini, akapiga goti moja kumwamkia. Mama Émilienne hakuzungusha maneno.

“Mwaka ule wa vita, Fiacre akiwa ku Inde, tulikimbia kutoka kwetu Kpandroma, baba yake alibakia kule. Hakutoka. Siye tulitembea mu pori mpaka Mambasa, simu hakuna. Fiacre alipata habari ya kifo ya baba kwa batu ku internet, lakini ya siye hakupata. Miezi ine hakujua kama mama yake iko muzima. Aliacha kula. Aliacha masomo. Alijifungia mu chumba.”

Alikunja ncha ya kitenge.

“Nyumba alipanga ilikuwa ya mama moja muzee, mujane, jina Sunanda. Ule mama alipiga mulango, akasema: mikono yangu inaniuma, kuja unikatie vitunguu. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Hakumuuliza kitu hata kimoja. Alimupatia kisu na kitunguu, na mutoto wangu akapata kulia baba yake bila muntu kumuuliza juu ya nini analia. Kisha banapika, ule mama anakaa mbele yake mpaka mutoto anakula. Kila siku, mpaka sauti yangu ilifika ku simu.”

Hortense alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

“Na lile jina, Aai?”

“Mu luga yao ni mama. Mama tu.”

“Juu ya nini hakuniambia?”

“Hata miye hakuniambia! Ni ule mama njo alinieleza, na juu ya dada wa kuku pia, mwanafunzi moja wa Congo, mwenzake Fiacre, akitutafsiria. Fiacre akifika pale pa baba yake, mudomo unafunga.”

Hortense alimwita Angèle amwangalizie matenga. Hakumwuzia Mama Émilienne kuku. Alimkamata mkubwa kuliko wote, akamwandaa kwa mikono yake mwenyewe, ngozi yote ikatoka. Wakapanda moto mbili kwenda Nyakasanza.

Fiacre alikuwa kiwanjani, ndevu hazijanyolewa, akifua shati. Alipowaona pamoja, aliliacha majini.

“Nalikukosea,” Hortense alisema kabla hajafika karibu. “Mama amenieleza yote. Fiacre, unisamehe.”

“Hapana, miye njo nilikosa. Ningesema.” Akapangusa povu mikononi. “Sijui namna ya kusema habari ya baba.”

“Basi usiseme leo. Unipatie kisu. Vitunguu nakata miye.”

Walipika watatu. Mama Émilienne aliponda tangawizi, Hortense alisubiri bizari zilie katika mafuta bila kuambiwa, na Fiacre alicheka kwa mara ya kwanza katika mwezi ule. Nyama ilipoanza kuchemka, Hortense alimwomba ampigie yule mama wa Inde.

Kioo kilijaa uso wa bibi mwenye mvi, miwani kubwa, bangili za kijani mkononi. Alipomwona Mama Émilienne alipunga mikono miwili, na Mama Émilienne naye akapunga, kila mmoja akisalimu kwa lugha yake kwa sauti kubwa.

“Umuambie nasema aksanti,” Hortense alimnong’oneza Fiacre. “Umuambie alitulindia muntu.”

Fiacre alitafsiri. Bibi alitikisa kidole.

“Anasema mama haambiwi aksanti. Anataka kuona sufuria.”

Hortense akaishusha simu hadi kwenye mvuke. Bibi akachungulia, akasema neno moja.

“Anasema moto ni mwingi.”

Wote wakacheka, na Hortense akatoa makaa mawili. Bibi aliuliza jambo lingine, refu. Fiacre hakulitafsiri. Alikuwa amesimama, mikono imekuwa ya njano kwa manjano hadi kwenye vifundo, akimtazama Hortense.

“Amesema nini?”

“Anauliza kama weye njo ule dada wa kuku. Na kama nimekuuliza, ao niko naogopa bado.”

“Kuniuliza nini?”

“Hortense, utakubali nikuoe? Sina pete hapa. Niko na mikono chafu na mama wawili.”

“Pete itakuja,” alisema, na machozi yakawa yamekwisha kumshuka. “Nimekubali, Fiacre. Nimekubali kabisa.”

Mama Émilienne alipiga kigelegele kilichowatoa majirani milangoni. Katika simu hakuna aliyehitaji kutafsiri: bibi alikuwa amevua miwani, anaipangusa kwa ncha ya nguo yake, na kuwaita watu wa nyumba yake waje waone. Hortense alipiga goti mbele ya kile kioo kidogo, kama alivyozoea kumpigia mama aliyemzaa, akangoja mpaka bibi alipoinua mkono kumbariki. Kisha akanyanyuka, akatafuta sahani, akaenda kupakua.