Injini Isiyochakaa

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Shemeji aliileta pikipiki gereji kubadilisha oili, akaketi juu ya tairi kuukuu na kuanza wimbo wake wa siku zote: kilomita laki moja na tisini na tisa elfu, injini ya pistoni moja, na haijafunguliwa hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza minara ya simu huko ambako lami haijafika, na ile pikipiki ndefu ya safari aliisifia kuliko alivyomsifia mkewe. Fundi alimvumilia, kwa sababu mkewe huyo alikuwa dada yake wa tumbo moja.

Alifungua nati, oili ikashuka kwenye karai. Ilikuwa safi, rangi ya asali, kana kwamba imetiwa asubuhi hiyo, wakati ilikuwa imefanya kazi kilomita elfu sita. Fundi alipima tapeti za vali, ambazo hulegea kadiri injini inavyochakaa. Hazikuwa zimesogea hata unywele. Miaka ishirini ya gereji ilimfundisha kwamba chuma kinalika, na hakuna chuma kinachokwepa. Alitia oili mpya, akafunga.

Jioni alipita kumwona dada. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Daktari alisema mapafu yake ni ya mtu aliyechoma mkaa maisha yake yote, naye hajawahi kuvuta hata sigara. Binti yake wa miaka saba ndiye aliyemshika mkono. Dada alieleza kuwa mumewe akiwa safarini hali huwa mbaya, akirudi anapata nafuu. Majirani walimtania kwamba hayo ni mapenzi. Fundi hakucheka.

Alirudi siku ya pili, mchana, jua likiwaka. Shemeji alikuwa amelala ndani. Dada aliketi uani akichambua mchele, na pikipiki imeegeshwa ukutani. Fundi aliiwasha. Dada akashika kifua. Fundi akaongeza moto. Ungo ukaanguka. Akazima, na dada akavuta pumzi.

Akawasha tena. Mara moja tu, ahakikishe. Kwa hilo hajajisamehe hadi leo.

Alimwamsha shemeji, akamvuta nyuma ya nyumba. Shemeji alisema kwa kunong'ona, macho chini.

"Aliyeniuzia aliniambia niioshe injini kwa maji aliyoogea mtu anayenipenda. Basi haitachakaa. Nilidhani ni porojo."

"Na ulipoona anaumwa?"

Shemeji alitupa jicho upande ilikoegeshwa pikipiki.

"Shemeji, zimebaki kilomita mia nne ifike laki mbili."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba kitakuita shemeji. Fundi alimkaba shati, na mwenzake akaapa kwa mama yake kwamba hataigusa tena. Fundi akamwamini. Ujinga wake ulikuwa huo, kumwamini mtu anayehesabu kilomita.

Jumatatu asubuhi pikipiki haikuwepo. Fundi alipiga simu mpaka akachoka, haikupokelewa. Akaketi kitandani, akamshika dada mkono. Mkono ulitetemeka. Ulitetemeka sawasawa, bila kupumzika, kama usukani kwenye barabara ya mawe. Dada alitaka kusema neno, pumzi haikumtosha. Saa tisa alasiri mkono ukatulia.

Shemeji alirudi jioni. Kwenye simu yake kulikuwa na picha ya mita ya pikipiki ikisoma laki mbili kamili. Mazishini alilia machozi ya kweli, na hayo machozi ndiyo yaliyomchoma Fundi zaidi.

Fundi akasubiri. Aliyekuwa akichakaa hayupo tena. Sasa injini ingechakaa yenyewe. Aliutamani moshi wake kama mwenye njaa anavyotamani chakula. Baada ya miezi mitatu shemeji aliileta gereji bila aibu, binti ameketi mbele yake juu ya tangi. Fundi hakumsalimia. Aliikubali kazi kwa sababu moja: alitaka kuiona oili nyeusi.

Alifungua nati. Oili ikashuka.

Rangi ya asali.

Alibaki amechuchumaa, nati mkononi. Shemeji alikuwa ametoka kununua vocha. Fundi alimwita mtoto karibu.

"Mwanangu, nani anakuogesha siku hizi?"

"Baba," alisema. "Ananiogesha kwenye beseni, halafu anayachukua maji."

Akatabasamu. Meno yake mawili ya mbele, yaliyoota mwezi uliopita tu, yalikuwa yamelika mpaka kwenye ufizi.