Maji Yasiyoonjwa

Siku ya soko, Masisi-centre haina adabu. Unakanyagwa na mbuzi, unasukumwa na gunia la maharage, na pikipiki inakupigia honi kana kwamba barabara ni ya mama yake. Gentil alikuwa ameshuka kutoka kijijini kwao Kingi na kikapu cha jibini, botte zake za mpira zimejaa tope, koti refu la marehemu baba yake likimpika kwenye jua. Alipoona mlango wa duka wenye kivuli, akauegemea.

"Papa, mlango hauko kiti," sauti ya mwanamke ilisema. "Ingia ao toka."

Akageuka. Kétsia alikuwa nyuma ya meza, pagne yake ya kitenge cha kijani ina ndege wa manjano, kilemba kimekaa upande kwa ubishi. Watu wake walitoka Butembo kufanya biashara, na yeye alikuwa ameinyonya biashara pamoja na maziwa. Alimtazama yule mfugaji mrefu, akamhurumia, akafungua chupa ya sucré, soda ya machungwa, na kuiweka mbele yake.

"Kunywa. Uko natoka jasho sawa ng'ombe zako njo zinakufukuza."

"Aksanti, dada. Sina kiu."

"Uongo iko mubaya kwa muntu murefu hivi. Inaonekana mbali."

Gentil akainamisha macho. Wanaume wa ukoo wake hawakula wala kunywa nje ya nyumba yao. Babu yake alianguka malishoni angali na nguvu zake zote. Baba yake akaanguka vilevile, mkono kifuani. Baba mdogo akafuata. Wazee wakakaa wakaamua kwamba ni sumu, na tangu hapo familia nzima ililinda midomo yake kama inavyolinda mlango wa zizi.

Kétsia hakuhitaji kuelezwa. Katika milima ile kila mtu anajua dawa ya hofu hiyo: mwenyeji huonja kwanza. Alichukua chupa, akapiga funda kubwa, akaifuta mdomo kwa ncha ya pagne na kumrudishia.

"Haya. Tukikufa, tunakufa wawili."

Gentil akanywa. Kilikuwa kinywaji cha kwanza maishani mwake kutoka mkono usio wa damu yake, na utamu wake aliusikia hadi masikioni.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kijijini kwao simu haikushika mtandao, kwa hiyo kila jioni Gentil alipanda kilimani, na wenzake wote walijua hakufuata ng'ombe huko.

"Mupenzi, leo umekula nini?" Kétsia aliuliza.

"Nimekula sauti yako."

"Basi utalala na njaa, unité ya simu iko inaisha."

Siku ya kujitambulisha ukweni ikafika. Kaka mkubwa wa Gentil, Karangwa, ndiye aliyeongoza msafara, amevaa kofia ya pama na kicheko chake kikubwa. Mama Émilienne, mama yake Kétsia, alionja pombe ya ndizi mbele ya wote, kisha akamkabidhi Karangwa kikombe. Karangwa akakimaliza. "Leo uoga wa kwetu tumeuzika," alisema, na watu wakapiga makofi.

Mwezi haukuisha. Karangwa alikuwa akipandisha ng'ombe mteremko wa Kingi aliposhika kifua, akakaa chini kama mtu aliyechoka, na hakuinuka tena.

Kwenye matanga hakuna aliyetamka neno sumu mwanzoni. Kufikia maziko kila mtu alikuwa amelitamka. Kétsia na mama yake walipofika na vitambaa vyao vyeusi, wanawake waliokuwa mkekani wakasogea, wakawaachia mkeka mzima. Kétsia akainua macho kumtafuta Gentil. Neno moja tu lingetosha. Gentil akatazama udongo.

Jioni hiyo simu ililia kilimani.

"Gentil, niko nakuuliza swali moja. Unaamini mama yangu njo aliua kaka yako?"

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Sijui, Kétsia."

"Hujui. Sawa."

Tangu siku hiyo Gentil alipiga, ikalia, ikalia, haikushikwa. Na huko mjini duka lilianza kufa polepole. Watu walinunua sabuni na mishumaa kwa Mama Émilienne. Chumvi, mafuta na sukari wakaenda kununua kwingine.

Kisha zamu ya Gentil ikaja. Alikuwa akibeba mkebe wa maziwa kwenda Bihambwe, kifua kikakamatwa, pumzi ikagoma kuingia, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Alilala kwenye majani akiwaza jambo moja tu: siku hiyo hakuwa amekula nje ya kwao. Dada yake Umulisa alimkuta hapo, akamfunga kwenye pikipiki kati yake na dereva hadi hospitali.

Docteur Valentin, daktari wa moyo aliyepanda kutoka Goma kuwaona wagonjwa, alimpima, akamuuliza habari za waliokufa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Pombe ile, Karangwa alikunywa peke yake?"

"Hapana. Batu wote tulikunywa."

"Basi sumu gani inachagua wanaume wa nyumba moja, inaacha wengine?"

Damu yake ilitumwa Ulaya. Jibu lilichelewa sana, na lilipokuja daktari alimkalisha chini, akamweleza taratibu. Mshipa wa damu hauko bomba tu, alisema. Una chembe hai, na chembe hizo zinaambiana: legea, acha damu ipite, msishikamane. Kwenu huo ujumbe unatumwa vizuri, ila ndani ya chembe, yule anayepaswa kuupokea amezaliwa na kasoro. Hausikiki. Kwa hiyo damu inashikana, mshipa unaziba, moyo unakosa hewa.

"Kasoro hiyo muntu anaipata wapi?"

"Kwa muzazi. Na kila mutoto wako anaweza kuipata ao kuikosa, nusu kwa nusu. Dawa ya kuitoa haiko. Iko dawa ya kuzuia damu isishikane. Utameza kila asubuhi, utaacha sigara, mikebe mizito utaachia wengine. Batu wanaishi nayo, Gentil, kama wanajua."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Watu wa Kingi walilinda midomo miaka yote hiyo, na adui alikuwa amelala ndani ya damu yao.

Alipomweleza mama yake, Mama Béata alifunga mlango kwanza.

"Usiseme popote. Sumu iko haya ya batu wengine. Damu iko haya yetu. Nani atamuoa Umulisa akisikia?"

Hapo ndipo Gentil alipohisi kuta zinamsogelea. Akinyamaza, Kétsia atabaki mtoto wa muuaji. Akisema, Kétsia atakuwa safi, na yeye atakuwa mwanamume ambaye hakuna mama mwenye akili angempa binti. Neno ambalo lingemwokoa mpenzi wake ndilo lingempotezea mpenzi huyo. Alificha vidonge mfukoni mwa koti la baba yake na kuvimeza nyuma ya zizi kama mwizi. Alichukia ule ukungu wa asubuhi, alichukia vilima vilivyomzunguka, alichukia kifua chake mwenyewe, nyumba asiyoweza kuhama.

Barabara ya kwenda nje ya Masisi ilikuwa imefungwa kwa vita. Ilipofunguliwa kidogo, habari zikapanda Kingi: Mama Émilienne amepata lori, wanarudi Butembo na binti yake.

Mama Béata akashusha pumzi. "Mungu amemaliza."

"Na mimi, mama?" Umulisa aliuliza, ndoo ya maziwa mkononi. "Iko ndani yangu ao haiko? Mutaninyamazia mpaka nianguke? Muntu akinikimbia ju ya ukweli, aende. Karangwa angejua, angekuwa anacheka hapa."

Gentil alivaa koti.

Ilikuwa siku ya soko. Lori lilisimama mbele ya duka, nusu limejaa, na watu wamejipanga kutazama kama wanavyotazama ajali. Kétsia alikuwa ndani, kilemba kimenyooka, hakina ubishi wowote. Alipomwona akaendelea kufunga katoni.

"Tumefunga, Papa."

"Nimekuja kusema, na nataka wasikie." Gentil akageukia mlango, akapaza sauti ambayo haikuwa na mazoea ya kupaa. "Batu ya Masisi. Karangwa hakuuawa na muntu. Iko ugonjwa wa moyo, tunazaliwa nao. Uliua babu, uliua baba. Mimi niko nao. Mama Émilienne hana kosa. Kosa iko yangu, nilinyamaza."

Soko likapungua kelele. Mama Émilienne, akiwa juu ya lori, alikaa kwenye gunia akafunika uso.

Kétsia hakulia. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo.

"Siku ya matanga nilikutafuta kwa macho."

"Niliona."

"Ukatazama udongo."

"Nisamehe, Kétsia. Nilikupenda na nikakuogopa, vyote viwili. Sikuja kukuomba kitu. Watoto wangu wanaweza kuupata. Mimi pia naweza kuanguka. Enda Butembo, enda vizuri."

Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Hiyo dawa," Kétsia alisema, "unaimezaka wapi?"

"Nyuma ya zizi. Ya leo sijameza."

"Saa hizi? Na unataka kuanguka sawa kaka yako?" Akaiachia kamba ya katoni. "Utameza kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Mbele yangu?"

Gentil alimtazama. Nje kuna mtu alianza kushusha gunia kutoka kwenye lori bila kuombwa.

"Mbele yako," alisema.

Kétsia akafungua katoni aliyokuwa ameifunga, akatoa kikombe, akamimina maji na kukiweka mezani. Hakukigusa tena. Hakuonja. Gentil akatoa kidonge, akakinyanyua kile kikombe, akanywa hadi chini.