Begonia ya Yaya Léontine

Kila asubuhi, kabla kengele ya misheni haijalia, Marcelline alichukua mtungi wake, akasimama kwenye matete yaliyotenganisha nyumba yao na ya jirani, akaita, "Safi! Umeamka?"

"Niliamka zamani," Safi alijibu kutoka upande wa pili. "Wewe ndiye unayelala kama mgonjwa."

Basi waliteremka pamoja kilima cha Kabambare hadi kisimani. Marcelline alisoma katika shule ya misheni. Safi, ambaye wazazi wake walikuwa Waislamu, alisoma Kurani kwa mwalimu wa mtaani. Njiani walisimuliana mambo ya huko walikosoma, wakacheka mpaka maji yakamwagika mitungini. Watu waliowaona walisema, "Hao ni chanda na pete."

Nyumbani kwao Marcelline waliishi watu watano: baba yake, Raphaël, fundi wa kushona nguo, mama yake, Régina, babu yake, Zéphirin, mdogo wake, Emile, ambaye alikuwa hajaanza shule, na yeye mwenyewe. Zamani walikuwa sita. Yaya Léontine, dada yake mkubwa, alikuwa amekwenda Kasongo kujifunza kazi ya ukunga.

Siku aliyoondoka, kamio, lori la kubebea pamba, lilikuwa likinguruma barabarani, na dereva alikuwa na haraka. Léontine aliwakumbatia watu wa nyumbani mmoja mmoja, akamnong'oneza kila mtu neno sikioni. Ilipofika zamu ya Marcelline, alimwambia, "Nitunzie begonia yangu. Usisahau kuipa maji." Kisha akapanda. Vumbi la kamio lilipotulia, Marcelline alijifuta machozi na kujiambia kwamba hata afe, begonia ile haitakosa maji.

Mmea huo Léontine alipewa na sista mmoja wa misheni. Hakuna aliyewahi kuona mwingine kama huo pale mtaani. Majani yake yalikuwa meusi kama chungu kilichozoea moto, lakini ukiyageuza, chini yalikuwa mekundu kama divai ya misa. Katikati yake vilichungulia vimaua vyeupe vidogo. Ulikaa juu ya kigoda sebuleni, karibu na dirisha, mahali ambapo mwanga ulifika lakini jua kali halikufika. Baada ya Léontine kwenda, Baba aliona kwamba chungu chake cha udongo kilikuwa kimepasuka. Akautoa humo, akaupanda katika mkebe mzuri alioupaka rangi ya kijani.

"Sasa imevaa nguo mpya," alisema, akaugeuza mkebe huku na huku ili kila mtu auone.

Wiki za kwanza zilipita vizuri. Kila alfajiri Marcelline alichota kikombe cha maji na kuinywesha begonia polepole, huku akiisimulia habari za shule kana kwamba anamsimulia dada yake. Hakumwambia mtu. Ilikuwa siri yake na Léontine.

Lakini majani yakaanza kulegea. Jani moja lilianguka, kisha lingine. Mashina yaliyokuwa magumu yakawa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Marcelline akafikiri, "Ina kiu." Akaongeza kikombe cha pili.

Wakati huohuo Mama alianza kulalamika. "Mtungi ulijaa asubuhi, saa hizi umebaki nusu! Maji ya nyumba hii yananywewa na nani?"

Babu alikohoa, akatazama nje.

Alasiri moja Safi alikuja kumtembelea Marcelline. Marcelline alikwenda jikoni kuchukua karanga. Aliporudi, alimkuta rafiki yake ameinama juu ya kigoda, kidole chake kimezama ndani ya udongo wa begonia, na jani moja jeusi limelala chini karibu na miguu yake.

"Unafanya nini?" Marcelline alipiga kelele.

Safi alishtuka. "Natazama tu. Udongo huu iko unanuka, Marcelline. Nadhani—"

"Usiiguse! Ni ya yaya wangu!"

Safi alijifuta kidole, akatoka bila kuonja karanga hata moja.

Asubuhi iliyofuata majani mengine mawili yalikuwa yameanguka. Marcelline aliyaokota, akachukua mtungi bila kuita kwenye matete. Aliteremka kisimani peke yake, na wasichana wenzake walipomwuliza kwa nini amenuna, maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Safi amelitilia sumu ua la Yaya Léontine. Nilimkuta na kidole kwenye mkebe. Ananionea wivu kwa sababu kwao hawana kitu kama hicho."

Wasichana waliinua macho ghafla kutazama njiani. Marcelline aligeuka. Safi alikuwa amesimama nyuma yake na mtungi wake mtupu. Alirudi alikotoka bila kuteka maji, na tangu siku hiyo Marcelline alipojisahau akaita kwenye matete, hakuna aliyemjibu.

Baadaye kidogo Marcelline akashikwa na homa. Mama alimpa dawa ya kinini, akamtandikia mkeka kwenye kona ya sebule, akamfunika kwa kitenge. "Leo huendi shule. Lala hapa upate hewa ya dirishani."

Marcelline alilala, lakini si usingizi mzito. Alfajiri hiyo tayari alikuwa amekwisha kuimwagia begonia vikombe vyake viwili. Jua lilipopanda, alifumbua jicho moja akamwona Mama ameshika ufagio mkono mmoja na kata ya maji mkono mwingine. Mama alitazama mlangoni, akamimina maji yote kwenye mkebe, akanong'ona, "Kunywa, mwanangu." Kisha akaendelea kufagia.

Marcelline alidhani ni homa inayomwonyesha mambo.

Lakini saa sita Babu Zéphirin aliingia akijikongoja. Alikuwa amenawa mikono kwa ajili ya chakula. Maji yaliyobaki bakulini aliyabeba kwa uangalifu hadi kigodani, akayamwaga. Baada yake Emile aliingia kwa kunyata. Mashavu yake yalikuwa yametuna. Alitema maji kwenye mkebe, akakimbia nje akicheka. Jioni Baba aliacha cherehani barazani, akaja na kibuyu chake cha maji ya kunywa. Alikunywa funda moja, mengine yote akaipa begonia, akashika jani moja kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kitambaa ghali.

Mwanzoni Marcelline alijiziba mdomo asicheke. Halafu alimkumbuka Safi amesimama kisimani na mtungi mtupu, na kicheko kikageuka machozi.

Wakati wa chakula aliinuka mkekani akiwa bado dhaifu. Ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo, vilikuwa mezani.

"Nina neno," alisema. "Begonia haijalogwa wala haina sumu. Tunaizamisha sisi wenyewe. Mimi naipa maji kila alfajiri. Na leo nimewaona ninyi nyote."

Baba aliacha kutafuna. "Mimi... kidogo tu. Léontine aliniambia sikioni niitunze."

"Alikwambia wewe?" Mama aliuliza. "Aliniambia mimi!"

"Mutoto yule alinong'ona na mimi," Babu alisema. "Nikajua amenichagua kwa sababu ya umri wangu."

"Hata mimi!" Emile alipaza sauti.

Walitazamana, kisha nyumba nzima ikaangua kicheko. Baba alikwenda kuinamisha mkebe. Maji meusi yenye harufu ya kinamasi yalimwagika uani.

"Chungu cha zamani kilikuwa na ufa, maji yalipata pa kutokea," alisema taratibu. "Mimi nikaipa begonia mkebe usio na tundu."

"Safi aliisikia harufu hiyo kabla yetu," Marcelline alisema, akainamisha kichwa. "Na mimi nilimwita mtia sumu mbele ya watu."

Mama aliweka tonge chini. "Ukipona, tutakwenda kwao."

Siku homa ilipomwacha, walikwenda. "Hodi!" Mama aliita. Mama yake Safi aliwakaribisha na kuwapa viti, lakini uso wake haukufunguka.

"Mwanangu hataki tena kwenda kisimani," alisema. "Wenzake wanaficha mitungi yao anapokaribia. Je, hilo ni jambo dogo, Mama Léontine?"

"Si dogo," Mama alijibu. "Ndiyo maana tumekuja."

Marcelline alipiga magoti mbele ya Safi. "Nilikosa. Hukufanya neno baya lolote. Nisamehe."

Safi alimtazama. "Uliniharibia jina kisimani," alisema. "Nisafishe kisimani."

Usiku ule Marcelline alitafuta maneno hadi usingizi ukamchukua. Asubuhi alishuka kilima kabla ya wengine. Wasichana walipokusanyika, alipanda juu ya jiwe la kufulia.

"Sikilizeni," alisema. "Nilisema Safi alitia sumu ua letu. Nilisema uongo. Ni sisi tulioliua kwa maji mengi, na Safi peke yake ndiye aliyetambua. Atakayemfichia mtungi, na anifichie mimi kwanza."

Wengine walicheka, wengine walinong'ona. Mmoja aliyeitwa Apolline alisogeza mtungi wake na kusema, "Safi, njoo uteke. Nafasi iko hapa."

Safi alikuja. Alipojaza mtungi wake, alimwambia Marcelline bila kumtazama, "Hilo ua limekufa lote?"

"Mizizi imeoza. Juu bado kuna mashina mawili magumu."

"Basi kwa nini unasimama? Muhogo haupandwi kwa shina?"

Alasiri hiyo walikata vipande vizuri vya mashina. Walichanganya mchanga wa kijitoni na udongo mwepesi, wakavipanda katika vyungu vidogo ambavyo Baba alivitoboa chini kwa msumari. Waliviweka karibu na dirisha, mbali na jua. Nyumba ilikubaliana kwamba Marcelline tu ndiye atakayetia maji, tena baada ya kugusa udongo kwa kidole na kuuona umekauka. Chungu kimoja Safi alikwenda nacho kwao. Kwa muda mrefu hapakuonekana dalili yoyote. Kisha, upande huu na upande ule wa matete, vijani vyeusi vidogo vikachomoza.

Léontine alipokuja likizo wakati wa Pasaka, walimsimulia yote huku ugali na samaki vikipakuliwa, na Safi alikuwapo. Léontine alicheka hadi akaketi chini. Halafu alivitazama vyungu dirishani.

"Kosa la kwanza lilikuwa langu," alisema. "Niliogopa mtaisahau, nikamwagiza kila mtu kwa siri."

"Hapana, mwanangu," Mama alisema, akamshika mkono. "Hatukuwa tukinywesha begonia. Tulikuwa tukikulilia wewe. Baba yako alilia kivyake, Babu kivyake, mimi kivyangu, na kila mmoja alimimina machozi yake mkebeni akidhani anapenda peke yake. Tungeketi tukasema, 'Tumemkumbuka Léontine,' ua lisingeoza."

Kisha aliwageukia Marcelline na Safi. "Nanyi mshike hili. Anayependa kitu huuliza kwanza kinahitaji nini, ndipo akipe. Na unapoona kitu chako kimeharibika, tazama mikono yako mwenyewe kabla hujamnyooshea mwenzako kidole. Neno likishamwagika mbele za watu, aliyelimwaga ndiye mwenye kazi ya kulizoa, na mbele za watu walewale. Marcelline alilizoa. Ndiyo maana leo Safi anakula nasi."

"Ninakula," Safi alisema, "kama Emile ataniachia samaki."