Usimkatize Mwenye Ngoma

Kirimi alipoinua sindano kwenye santuri, ngoma haikunyamaza.

Iligonga mara tatu zaidi, kavu, kama mtu anayebisha mlango kwa kifundo cha kidole. Mwenye akili angetega sikio. Kirimi alikuwa na wageni, na wageni wake lazima wahutubiwe. Albamu hiyo, akawaambia, vijana wanne wa Uingereza waliirekodi mwaka 1979. Ndiyo iliyozaa posti-panki, na hadi leo kila bendi ya Toronto inaiba ngoma yake. Posti-panki, kwa asiyejua, ni panki, ile roki ya makelele, iliyokosa chakula ikavaa koti jeusi. Wageni wakatikisa vichwa, wakatazama saa.

Jumatatu, nyumba ya Kirimi huko Mississauga, jirani na Toronto, ikanuka udi, na hakuna aliyechoma. Jumatano, Valerie, binti yake wa miaka saba, akaacha kula. Alikaa tu akigonga sahani kwa kijiko: mara tatu, mara tatu.

Nkatha, mkewe Kirimi, akamwita Bi Wajiha, mama wa Lamu anayeishi kwenye maghorofa ya mtaa wa Dixon, aliyekulia penye ngoma za pepo.

"Mlimpigia pepo ngoma yake, kisha mkamkatiza," Bi Wajiha akanong'ona. "Mwacheni amalize, ataondoka. Pigeni upande huo wote wa santuri. Asiseme mtu."

"Hata neno moja?" Kirimi akauliza.

"Hata hilo, baba Valerie."

Dakika ishirini za kufunga mdomo. Hata sisi tulioikimbia shule tungefaulu mtihani huo.

Sindano ikashuka, udi ukazidi, ngoma ikapiga sebuleni, kisha ndani ya kuta, kisha kwenye mbavu za Nkatha, aliyempakata mtoto akausikia ule mwili mdogo ukilegea kidole kwa kidole, mpaka kijiko kikaanguka zuliani na Valerie akanyoosha mkono, mwenyewe, kwenye bakuli la uji.

Ilibaki dakika moja.

"Hapa," Kirimi akasema, kidole juu, "sikilizeni besi. Hapa ndipo wote walipo—"

Ngoma ikakatika. Santuri ilikuwa bado inazunguka. Bi Wajiha alikuwa tayari mlangoni, viatu mkononi.

Valerie, mtoto wa huku Kanada, ambaye Kiswahili hukielewa tu akajibu kwa Kiingereza, akaliweka bakuli chini polepole.

"Miaka yote hii wananipigia na kuniiga," akasema, kwa Kiswahili cha Pwani na sauti nzito ya kiume. "Hakuna aliyenikatiza mara mbili. Endelea, bwana. Ulikuwa unasema?"