Wiki ya Nne Aliyoiruka Asifiwe

Naapa kwa masharubu yangu, niliyoyalea tangu kabla sijapanda ndege kwa mara ya kwanza, kwamba haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu. Najua sifa zangu. Hapa Alby, huku Uswidi, watu husema Mzee Anselmo akikuambia mvua inanyesha, toka nje ukahakikishe. Ni kweli niliwahi kudai kwamba theluji ilijaa hadi nikatokea dirishani, ghorofa ya tatu, nikaenda kununua maziwa bila kushuka ngazi. Ule ulikuwa mzaha. Huu si mzaha. Likipatikana neno moja la uongo humu ndani, nitayanyoa masharubu haya mbele ya watu.

Haya, sikieni.

Asifiwe alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Aliishi na mama yake, Orpha, wawili tu, mlango unaotazamana na wangu. Kila asubuhi Asifiwe alikunywa chai akiwa amesimama, mkono mmoja ukitafuta glavu, huku mama yake akimfunga skafu na kuimba. Orpha aliongoza kwaya ya Wakongo kule Fittja, mtaa wa jirani. Kuta za nyumba zetu ni nyembamba, kwa hiyo nyimbo za Jumapili mimi nilizijua tangu Jumanne.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2009, ukuta ukanyamaza.

Kwanza Orpha alisema ni mafua. Kisha akaota uvimbe shingoni, na kumeza mate kukawa kazi. Madaktari wa hospitali kubwa ya mjini walimpima, wakamwambia ni saratani, imekaa nyuma ya koo, upande wa kushoto. Angetibiwa kwa mionzi siku tano kila wiki, kwa wiki saba. Muuguzi wake, Gunvor, alimwambia kwamba inatibika, ila njia ni ngumu, na anahitaji kuielewa vizuri kabla ya kuianza.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipotokea, na ni kosa letu sisi Waswahili wa huku. Hospitali ilimtafutia mkalimani kwa simu. Sauti ikasema, "Habari yako, mama, mimi nitakutafsiria." Orpha akaganda. Aliijua sauti ile! Ilikuwa ya Épiphanie, anayeimba sauti ya pili katika kwaya yake mwenyewe.

Mkalimani ameapa kutunza siri, lakini Orpha hakutaka kusikia. Alinieleza baadaye, "Papa Anselmo, sisi huku tuko wangapi? Jumapili ningeombewa kwa jina langu, la ugonjwa na la kidonge." Akamwambia Gunvor kwamba Kiswidi anakijua vya kutosha. Akawa anaitikia "ja, ja", yaani ndiyo, ndiyo, kwa kila kitu. Gunvor alimtazama kwa mashaka, akampa karatasi yenye anwani ya tovuti ya wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo. "Soma hapa nyumbani, polepole," alisema. "Na ukiwa na swali, andika. Kuna muuguzi anayejibu."

Na nani angesoma? Asifiwe.

Kompyuta yao ilikaa kwenye meza ya jikoni, karibu na sukari. Tovuti ile ilikuwa na mambo mengi: maelezo ya dawa, vyakula laini, ukurasa wa maswali. Lakini Asifiwe alipenda zaidi shajara ya fundi seremala mmoja wa kaskazini, aliyeandika wiki kwa wiki jinsi matibabu yalivyomwendea.

"Wanasema nini leo?" Orpha aliuliza akimenya viazi.

"Mambo mazuri tu, mama," Asifiwe akajibu kwa Kiswidi, kama watoto wetu wanavyotujibu.

"Nisomee kwa Kiswahili. Ugonjwa wangu haujaenda shule ya Kiswidi."

Asifiwe akacheka, akasoma. Wiki ya kwanza, fundi alivalishwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo la uso wake, ikafungwa kwenye kitanda ili kichwa kisitikisike. Inabana, aliandika, lakini dakika kumi si nyingi. Jioni alikula samaki.

"Samaki!" Orpha akasema. "Basi si vibaya."

Wiki ya pili, kahawa ilianza kuwa na ladha ya karatasi. Asifiwe alitafsiri hivi: "Anakunywa kahawa." Wiki ya tatu vidonda vilitoka mdomoni. Asifiwe akasema, "Anapumzika." Kisha macho yake yakafika wiki ya nne. Fundi aliandika: Leo sikuweza kumeza hata maji. Mke wangu analia bafuni akidhani simsikii.

Chini yake kulikuwa na maneno ya muuguzi wa tovuti. Maumivu yanapozidi katika wiki hizi, si dalili kwamba matibabu yameshindwa. Meza dawa ya maumivu kabla ya kula. Ukishindwa kula, kubali mrija wa chakula mapema. Usiache hata siku moja ya mionzi bila kuzungumza na hospitali.

Asifiwe akamtazama mama yake. Orpha alikuwa ametulia, kisu mkononi, akingoja habari njema kama mtu anayengoja chakula.

"Wiki ya nne inasemaje?"

"Hakuandika kitu," Asifiwe akasema. Akafunga ukurasa.

Usimlaumu haraka, msomaji. Hebu jiulize wewe ungesemaje.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata mionzi ikaanza. Kila siku Orpha alipanda tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, mpaka mjini, kisha basi, akavalishwa barakoa, akarudi. Wiki mbili akatembea vizuri. Ya tatu akaanza kunywa uji tu. Ya nne hakuweza hata uji. Alikonda mpaka pete ikawa inaanguka, akaivaa kwenye kamba shingoni. Nayo kamba ikaumiza ngozi iliyoungua, akaivua. Kusema kulimuuma, kwa hiyo yule kiongozi wa kwaya akawa anaandika anachotaka kwenye daftari kuukuu la hesabu la Asifiwe. Gunvor alipomwonyesha mrija wa chakula, alitikisa kichwa. Kwa alivyoelewa yeye, mrija ni wa watu wanaokufa.

Hapo ndipo anapoingia Paskali. Paskali ni mzee wa jengo letu, ngazi yetu hii hii, mtu wa maneno mengi, na kusema haki ana masharubu ya kupendeza. Jumatano ya wiki ya nne alimpelekea Orpha supu. Orpha alijaribu kijiko kimoja, akakitema kwa machozi. Paskali akaanza kujigamba.

"Mama Asifiwe, usitishike! Mimi mwenyewe nilivalishwa hiyo barakoa miaka ya tisini. Wiki ya nne nilikuwa nakula bugali na pilipili, sahani mbili! Kama wewe inakuuma hivi, basi ile mashine imeshamaliza ugonjwa, sasa inachoma nyama nzima bure. Ipumzishe kidogo."

Nilipopata habari nilimkemea vikali. "Paskali!" nilisema. "Mgonjwa hachezewi!"

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Alhamisi Asifiwe aliporudi kutoka shule aliona viatu vya mama yake mlangoni, vikavu. Nje theluji ilikuwa ikiyeyuka na kila aliyeingia aliacha dimbwi. Viatu vile havikuwa na hata tone.

"Mama, hukwenda?"

Orpha akaandika: Napumzika. Fundi wako pia alipumzika.

Ijumaa viatu vilikuwa vikavu tena. Orpha alilala ameukabili ukuta, na mabega yake yalikuwa yametoka kama ya mtoto. Asifiwe aliketi jikoni bila kuvua koti. Uongo wake ulikuwa mdogo alipoutamka, maneno mawili tu. Sasa ulikuwa umelala chumbani, umejifunika blanketi.

Akafungua ukurasa wa maswali, akaandika kwa Kiswidi: Mama yangu ameacha mionzi siku mbili. Ni kosa langu. Nilimsomea yote lakini niliruka wiki ya nne.

Jibu lilikuja kabla ya saa moja kwisha. Si kosa lako. Kutafsiri ugonjwa wa mama si kazi ya mtoto, na hakuna aliyepaswa kukuachia. Lakini mwambie ukweli leo hii, kisha mpigieni simu muuguzi wake kabla ya saa kumi jioni. Na mwambie pia hili: anaweza kuomba mkalimani wa mji mwingine, kwa simu, bila mkalimani huyo kuambiwa jina lake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini.

Asifiwe akaingia chumbani. "Mama, fundi aliandika wiki ya nne. Nilikudanganya."

Orpha hakugeuka.

"Niliogopa. Ulikuwa unafurahi."

Kisha mkono ukatoka chini ya blanketi, ukatafuta daftari. Akaandika: Leta. Soma yote. Usiruke.

Asifiwe akasoma, kwa Kiswahili chake cha kujikwaa. Vidonda, maji yasiyomezeka, mke anayelia bafuni. Wiki ya tano, mrija. Wiki ya sita, fundi hakutaka kumwona mtu yeyote. Wiki ya saba, mwisho wa mionzi, na bado akaumwa zaidi siku kumi na nne mbele. Kisha, mwezi wa pili baada ya hapo, mstari mmoja: Leo nimeisikia chumvi.

Orpha alikuwa analia, na Asifiwe akaacha kusoma. "Samahani, mama. Samahani."

Mama akatikisa kichwa, akaandika kwa haraka. Nilidhani ninakufa na mnanificha. Kumbe ndiyo njia yenyewe. Wote wanapita hapa.

Akaketi. Akaelekeza kidole kwenye simu.

Mkalimani alikuwa Luleå, mbali sana kaskazini, mama wa Kitanzania mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula. Hakuuliza jina. Orpha alinong'ona maswali yote aliyoyakalia tangu mwezi wa kumi na moja, na Gunvor akayajibu moja moja. Siku mbili zilizopotea zingeongezwa mwishoni. Dawa ya maumivu ingepandishwa. Mrija haukuwa wa wanaokufa. Ulikuwa wa wanaotaka kufika wiki ya saba.

Jumatatu viatu viliacha dimbwi mlangoni. Asifiwe hakulipangusa mpaka jioni.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa mepesi. Wiki zile zilikuwa nyeusi. Orpha alilishwa kwa mrija, alitapika, alikaa siku nzima bila kuangalia mtu. Lakini alimaliza. Mwezi wa sita daktari alisema uvimbe hauonekani, ila wataendelea kumchunguza miaka mitano. Mwezi wa nane Orpha alijaribu sombe, yale majani ya muhogo, iliyosagwa laini, akasema kwa sauti mpya, yenye mikwaruzo, "Chumvi imezidi." Asifiwe akaruka juu kwa furaha. Siku hiyo hiyo waliandika kwenye tovuti, mama akisema, binti akiandika, ili mwingine anayeanza asome. Hawakuruka wiki yoyote.

Paskali naye aliona aibu, akahamia Jakobsberg, upande wa pili wa mji. Na hadithi yangu ingeishia hapo.

Lakini kabla ya kuituma ichapishwe nilimpa Asifiwe aisome, kwa kuwa inamhusu. Aliisomea jikoni kwao, kwa sauti, mama yake akisikiliza. Épiphanie alikuwepo pia. Alikuja kwa mazoezi ya kwaya, maana Orpha sasa anafundisha kwa kupiga meza na kuonyesha kwa mkono. Naye Épiphanie, niseme, hakumwambia mtu hata neno moja miezi yote ile. Siri ilikuwa salama kuliko sote tulivyodhani.

Asifiwe alifika mahali fulani akasimama.

"Babu, Paskali ni nani?"

"Mzee mmoja. Alihama."

"Milango ya ngazi yetu yote ina majina. Nimegawa barua za shule kila mlango tangu nikiwa na miaka tisa. Hapajawahi kuwa na Paskali."

Nikakohoa. Nikasema labda alikuwa amepanga kwa mtu.

"Supu ililetwa kwenye sufuria yako ya buluu," akasema. "Nimeiosha mimi."

Orpha alinitazama. Hakukasirika, na hilo lilinibana kuliko barakoa yoyote, ambayo, niliseme sasa, sijawahi kuvaa maishani. Ni mimi. Nilikwenda na supu, nikaona jinsi alivyokonda, nikaogopa. Na mimi nikiogopa hutunga.

"Papa Anselmo," Orpha akasema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Mtoto alipunguza ukweli kwa sababu ananipenda. Wewe uliuongezea chumvi, kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nikauficha kwa aibu. Watatu sisi, na karibu mnizike. Neno chungu ukilificha halipungui uchungu. Linamkuta mtu hajajiandaa, basi."

"Nitafuta hapo pa Paskali," nikasema.

"Usifute. Acha watoto waone uongo unavyopendeza ukivalishwa jina la mwingine." Kisha akanyoosha kidole kwenye mstari wa kwanza wa karatasi. "Na hapa uliapa nini?"

Épiphanie alishika taulo. Asifiwe alileta beseni na kioo. Nilinyoa mwenyewe, upande wa kushoto, kisha wa kulia, na nywele za miaka thelathini na moja zikaelea kwenye maji kama majani ya chai.

"Inauma?" Asifiwe akauliza.

Nilikuwa na jibu zuri sana, lenye upepo ulionirusha hadi Jakobsberg na kunirudisha. Nililiona likija. Nikalimeza.

"Haiumi," nikasema. "Ni baridi tu."