Kiu Aliyoificha Silvano

Mwaka mmoja baada ya watu kuhamia kijiji cha ujamaa cha Makote, bomba la maji liliharibika. Dominika aliteremka bondeni kila alfajiri. Alirudi jua limepanda, ndoo kichwani, amechoka.

Mumewe, Silvano, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kiu haikumwacha. Hata hivyo, akiletewa maji alisema, "Nimeshakunywa." Alimwonea mkewe huruma.

Midomo ikamkauka. Kichwa kikawa kizito. Miguu ilikuwa baridi, akaisogeza motoni. Dominika akasikia harufu.

"Baba Helena, mguu unaungua."

Silvano akatazama. Wayo ulikuwa umetoka malengelenge, naye hakusikia maumivu. Akaogopa.

Alipelekwa hospitali, Newala. Nesi Getrude alisafisha kidonda, kisha akauliza, "Baba, maji unakunywa?"

"Kidogo. Huyu mama anayatoa mbali."

Dominika akamtazama. "Kumbe ulikuwa unanificha?"

Getrude akaketi karibu yao. "Sukari ikizidi, mwili huitoa kwa mkojo, na maji hutoka nayo. Usipokunywa, damu huwa nzito. Tena sukari ya muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Damu haifiki vizuri miguuni, na miguu hufa ganzi. Hapo kidonda kidogo huweza kuoza, mguu ukakatwa."

"Sasa nifanye nini?"

"Meza dawa kila siku. Kunywa maji safi ukiwa na kiu. Usiote moto miguu, usitembee peku, na tumbaku uache. Kila jioni mkague nyayo. Mkiona kidonda, msingoje. Njooni."

Silvano alilazwa mpaka sukari iliposhuka. Siku ya kurudi nyumbani, Dominika alisema taratibu, "Ndoo naiweza, Baba Helena. Nisichokiweza ni mgonjwa asiyesema."

Silvano alimshika mkono.

Majirani walipopata habari, wakapeana zamu ya kuwasaidia kuteka maji. Silvano akaacha tumbaku. Kidonda kilichelewa kupona, lakini kilipona. Msimu wa korosho ulipofika, alikwenda shambani amevaa raba.

Jioni moja, akimkagua nyayo, Dominika alikuta mwiba umetoboa raba na kuingia wayoni.

"Hukuusikia?"

"Hata kidogo."

Aliuchomoa, akaosha mahali pale kwa maji na sabuni, akapafunga kitambaa safi. Asubuhi walikwenda hospitali pamoja. Getrude alifungua kitambaa, akatazama, akatabasamu. "Mmewahi," alisema.